Majina Matatu

Hapa Doha kuna maneno yanayozunguka miongoni mwa watu wa kwetu, kwamba ofisi za utamaduni za serikali haziwataki watu wa kempu, yaani wanaolala kwenye makambi ya wafanyakazi, wala wa majumbani. Ukitaka msaada wa ngoma, husemwa, peleka watu wa ofisini. Mlinzi usimpeleke. Dada wa kazi za ndani usimpeleke. Utarudishiwa fomu yako.

Mwezi uliopita niliyasikia tena, katika chumba kimoja cha Mansoura, tukisubiri pilau iive. Aliyeyasema ni kijana wa Malindi ambaye hajatimiza mwaka tangu afike. Aliyasema kwa uhakika, kama mtu anayekutajia bei ya tikiti ya ndege, na wenzake wakaitikia. Mimi nilinyamaza. Maneno hayo niliyatunga mimi. Naijua siku niliyoyatunga, napajua mahali, na nawajua niliowaambia kwanza. Hayakuwa kweli siku ile na si kweli leo.

Kikundi chetu kilianza korona ilipolegea, watu wa pwani ya Kenya na wachache wa Tanga na Unguja. Tulikutana Ijumaa juu ya paa la nyumba moja Najma, kwa kuwa Ijumaa ndiyo siku ambayo wengi wana ruhusa. Tulipiga goma na kirumbizi, na kina mama walipokuwa wengi tulipiga chakacha. Hatukuwa na usajili wala akaunti ya benki. Mimi ni karani wa hesabu katika kampuni ya vifaa vya ujenzi, najua kujaza makaratasi kwa Kiingereza na Kiarabu changu cha kuokoteza kinanitosha, basi nikafanywa katibu.

Mwenye ngoma hasa alikuwa mzee mmoja wa Matondoni, kisiwani Lamu, kijiji cha mafundi wa majahazi. Sote tulimwita Ami. Alikuja Qatar kulinda majengo, zamu yenye urefu wa saa kumi na mbili, na katika mzigo wake alileta msondo aliouzungushia mkeka na leso mbili. Alituambia kwamba kilo za ziada alizolipa uwanja wa ndege zilizidi bei ya ngoma yenyewe, na kwamba angelipa tena.

Doha ni mji mgumu kwa ngozi ya mbuzi. Inapofika Agosti mvuke wa bahari hupanda, ngozi ikalegea kama nguo mbichi. Ukiikimbiza ndani, kiyoyozi huikausha ghafla, nayo yaweza kupasuka. Kwao Ami angewasha makuti, akaiotesha ngoma moto. Juu ya paa la watu Najma huwashi moto. Basi alikuwa akiazima mashine ya kukaushia nywele ya dada mmoja, akachuchumaa mbele ya msondo na kuupuliza polepole, kutoka ukingoni kuja katikati, huku akiugonga kwa kidole kimoja na kusikiliza. Gonga, puliza, gonga. Robo saa nzima. Hata watoto walijua kutomsemesha. Sauti ilipofika pale alipoitaka alizima mashine na kusema, "Sasa ameamka."

Dada mwenye mashine alikuwa wa Kilifi, na mwenzake wa Tanga. Wote wawili walifanya kazi katika nyumba za watu. Sheria namba 15 ya mwaka 2017 inampa mfanyakazi wa ndani siku moja ya kupumzika kila juma, na hao siku yao waliitumia kukata mji kwa metro kuja kuimba. Yule wa Tanga alikuwa na sauti inayoanzia chini, ikapanda bila kukwaruza. Nimekaa nje ya nchi miaka mingi, na sijasikia kitu kilichonirudisha nyumbani kama sauti ile na msondo ule vikikutana baada ya Alasiri.

Sasa nieleze msaada huwaje hapa, maana bila hilo kosa langu halitaeleweka. Qatar inatumia mali nyingi kwa utamaduni. Kijiji cha Katara kilifunguliwa 2010, na tangu 2011 kila mwaka huandaliwa pale tamasha la majahazi ya jadi, ambako mafundi na wasanii wa Zanzibar nao wamewahi kufika. Jumba la Makumbusho ya Sanaa ya Kiislamu lilifunguliwa 2008, Makumbusho ya Taifa 2019. Lakini kikundi kisichosajiliwa, cha wageni, hakipewi fedha taslimu. Kinapewa jukwaa, kibali, vipaza sauti, basi la kuwachukua watu, chakula, na posho kwa kila jina lililo katika orodha ya wasanii. Na sisi wenyewe hatukuwa na njia ya kupitisha kofia, kwa sababu kuchangisha pesa bila kibali ni kosa kisheria nchini humu. Kwa hiyo mlango ni mmoja. Usipokuwa katika orodha hupandi basi, hupigi, hulipwi, na kwa upande wa ofisi hujawahi kuwepo.

Kule nyumbani Kenya, Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti shughuli za utamaduni, na Ami alikuwa akitusimulia jinsi Lamu siku za tamasha ngoma zinavyoitwa kwa mitaa yake. Mtaa fulani, njooni. Anayejua kupiga anakuja. Hakuna anayemuuliza mpigaji ameajiriwa na nani.

Mwaka 2023 taasisi moja ya serikali hapa ilialika jumuiya za wageni zilete maombi ya kushiriki katika tamasha lake. Siitaji, kwa sababu haikunikosea lolote. Tulitakiwa kutuma maelezo mafupi, video ya dakika tano, na baadaye, tukikubaliwa, orodha ya wasanii kumi na wawili pamoja na nakala za vitambulisho vyao. Video tuliirekodi juu ya paa. Nimeitazama mara nyingi tangu hapo. Inaanza na mkono wa Ami juu ya ngozi, kisha dada wa Tanga anaingia na wa Kilifi anamjibu. Vijana wawili wanazunguka na bakora, mmoja wao ni mimi. Nyuma yetu yanaonekana matangi ya maji, na mbali kidogo minara ya West Bay.

Tulikubaliwa. Barua ilikuja kwa simu yangu, na nilipoisoma kwa sauti juu ya paa dada wa Kilifi alipiga kigelegele kilichowatoa majirani madirishani.

Orodha niliiandika Jumatano usiku, peke yangu. Fomu ilikuwa na safu ya jina, namba ya kitambulisho, mwajiri, kisha safu moja mwishoni ambayo sikuisoma vizuri kwa sababu sikutaka kuisoma. Nilipofika kwa Ami nikasimama. Mwajiri wake ni kampuni ya ulinzi. Tamasha lingekuwa siku mbili, jioni, na moja ilikuwa zamu yake. Nikajiambia itatakiwa barua ya ruhusa kutoka kampuni. Nikajiambia kampuni haitatoa. Nikawafikiria wale dada wawili, kafili huyu na kafili yule, yaani waajiri wanaowadhamini, mimi nikapige kengele kwenye mageti yao kuomba mtumishi wao aje kuimba mbele ya watu.

Mtu aliyeishi Ghuba ataelewa hofu hiyo ilitoka wapi. Kwa miaka mingi hukuweza kubadili kazi Qatar bila barua ya mwajiri ya kutokuwa na pingamizi, ile NOC ambayo watu wamelilia usiku. Sharti hilo liliondolewa 2020. Karatasi iliondoka ila woga wake ulibaki, na mimi niliubeba mpaka kwenye fomu ya ngoma ambayo haikuhusiana nao.

Lakini nimeamua kusema yote, na woga haukuwa sababu peke yake. Nilikuwa nimesikia kwamba balozi angehudhuria, na kwamba wapiga picha watakuwepo. Nilitaka tuonekane. Nilitaka nguo zinazofanana na watu wanaojua kusimama mbele ya kamera, na baada ya onyesho waweze kuzungumza Kiingereza na wageni. Ami alikuwa na jino moja mbele na sare ya ulinzi ambayo mara nyingi alikuja nayo moja kwa moja kutoka zamuni. Nilimpenda mzee yule kama baba, na niliona aibu asimame mbele kwa niaba yetu. Sentensi hiyo imenichukua miaka miwili kuiandika.

Nikayafuta majina matatu. Mahali pao nikaweka mhasibu mwenzangu, kijana wa benki, na dada mmoja wa mapokezi hotelini. Barua zao zilipatikana siku moja. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuja juu ya paa zaidi ya mara mbili.

Ijumaa ikafika nikalazimika kueleza. Nilikuwa nimejiandaa kusema kwamba nafasi ni chache. Nilipomwona Ami amechuchumaa na mashine ya nywele mkononi, ulimi ukanipeleka pengine. Nikasema, "Ami, wamekataa. Wanataka watu wenye barua za kampuni. Watu wa kempu na wa majumbani hawawataki."

Akazima mashine. "Video wameiona?"

"Wameiona."

"Na wamekataa?"

"Wamekataa."

Hakusema kingine. Aliuzungusha waya wa mashine, akaufunga vizuri, akamrudishia mwenyewe. Dada wa Tanga alitazama kule kwenye minara. Ami alipoinuka kuondoka, vijana walimshika mkono abaki angalau tupige kidogo, akasema ana zamu. Msondo akauacha. "Uchukueni," alisema. "Ngoma haina kosa."

Onyesho lilienda. Sitalieleza kwa urefu. Kanzu zilikuwa nyeupe, picha zilipendeza, balozi alitupa mkono. Mhasibu mwenzangu alipiga msondo kwa mazoezi ya wiki mbili, akahesabu mapigo kwa midomo. Kazi yangu ilikuwa bakora, na kwa mara ya kwanza tangu nijifunze kirumbizi sikujua lini nipige na lini nizuie, maana ile ngoma inayomwambia mchezaji ilikuwa haisemi.

Tulipokuwa nyuma ya jukwaa tukifunga vyombo, alikuja mzee mmoja wa Kiqatari, mweusi, kanzu yake imepigwa pasi, fimbo mkononi. Wapo wengi hapa ambao asili yao ni pwani yetu, nao wana ngoma yao, liwa, yenye zumari na duara la wachezaji wanaokwenda polepole. Maneno mengine ya nyimbo zake ni Kiswahili ambacho waimbaji wenyewe hawakielewi tena. Ngoma zake nazo zimebaki na majina yetu. Mzee akaweka kiganja juu ya ngozi. "Msondo," akasema, kwa matamshi ambayo ungeyasikia mtaa wa Langoni, Lamu. Akaugonga mara tatu, akaweka sikio. Kisha akaniambia kwa Kiarabu cha pole, huyu amelala. Nani anayemwamsha?

Nilishtuka kwa neno lile. Nikamjibu kwamba mwenyewe ana kazi leo.

"Mleteni," akasema. "Mimi hukaa hapa kila jioni mpaka tamasha liishe."

Ami wakati huo alikuwa langoni mwa jengo moja West Bay, mwendo wa dakika kumi kwa gari. Siku ya pili ya tamasha haikuwa hata zamu yake. Sikumpigia simu, kwa sababu ningemwambia nini? Kwamba wale waliomkataa sasa wanamtaka? Yule mzee wa liwa siku ya pili nilimwona kwa mbali amekaa kwenye kiti chake, nikapita nyuma ya hema nisikutane naye.

Wiki tatu baadaye nilipeleka ripoti. Aliyenipokea alikuwa dada wa Kiqatari, kijana, mwenye heshima na haraka. Alizitazama picha, akafungua kompyuta, akatafuta kitu. Akaigeuza skrini kwangu. Ilikuwa video yetu ya paani, imesimama kwenye uso wa Ami.

"Huyu mzee yuko wapi?" aliniuliza. "Na hawa kina mama? Kamati iliwachagua ninyi kwa sababu yao."

Nikasema waajiri wao wasingetoa ruhusa. Akauliza, waliombwa? Nikasema hapana. Akaichukua fomu yangu, akaweka ukucha kwenye ile safu ya mwisho. Ilikuwa na swali moja: je, msanii huyu anahitaji barua kutoka kwetu kwenda kwa mwajiri wake? Ndiyo au hapana. Nilikuwa nimejaza hapana mara kumi na mbili.

"Barua hizi tunaandika sisi," alisema. "Kampuni za ulinzi hutujibu. Nyumba nyingine hukataa, nyingine hukubali. Lakini hukutuomba."

Hakunikemea. Alipiga muhuri, akanitakia siku njema. Nilitoka nikatembea Corniche mpaka jua likazama, nikiwa na nakala ya ripoti ambamo nilikuwa nimeandika kwamba jumuiya yote ilinufaika.

Siku chache baadaye nilikwenda Msheireb, kwenye nyumba ya Bin Jelmood. Ni makumbusho ya utumwa, yalifunguliwa 2015. Yanaeleza habari ya watu waliovushwa Bahari ya Hindi kuletwa Ghuba, wakazamia lulu na kutumika majumbani, mpaka utumwa ulipofutwa Qatar mwaka 1952. Nilikaa humo karibu saa mbili nikimfikiria yule mzee wa liwa na babu zake. Nchi hii, kwa fedha zake, ilijenga katikati ya mji mkuu wake nyumba ya kuwakumbuka watumishi walioletwa kwa nguvu kutoka kwetu. Nami ndiye niliyeamua kwa niaba yake, bila kuulizwa, kwamba haitaki kumwona mlinzi wa Matondoni akipiga ngoma.

Hata hapo sikusema ukweli. Kikundi kilivunjika bila ugomvi. Ami aliacha kuja, wale dada wakafuata, na paa likabaki kwa watoto na nguo za kuanika. Maneno yangu yakaanza safari yake. Kikundi kimoja cha vijana walioko Sanaiya, eneo la viwanda, nasikia wana mpiga zumari mzuri sana, mwaliko ulipotoka tena hawakupeleka maombi. Walisema hakuna haja, wenye kempu hawatakiwi. Nilipowauliza wamejuaje, walinijibu kwamba kila mtu anajua. Hilo ndilo linaloniuma kuliko lingine. Kwa Ami nilimkosea mtu mmoja ninayemjua. Kwa uongo ule nimewafungia mlango watu ambao sijawahi kuonana nao, na mlango wenyewe uko wazi.

Baada ya ile pilau ya Mansoura nilimtafuta dada wa Kilifi. Bado yuko kwa waajiri walewale. Tulikaa kwenye benchi kituo cha metro, nikamweleza yote. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Kwa hivyo hawakutukataa?" Nikasema hapana. Akauliza tena, vilevile, kama hakusikia. Mara ya tatu aliuliza huku ameziba uso kwa ncha ya mtandio. Alisema aliwaandikia nyumbani kwamba Waarabu waliisikia sauti yake kwenye video wakasema haifai. Mama yake aliwaeleza majirani.

Yule wa Tanga alikwishamaliza mkataba na namba yake haipatikani. Anayemjua, na akasoma haya, naomba amfikishie.

Ami alirudi Matondoni mwaka jana. Nilimpigia usiku, baada ya Isha. Nilimwambia ni mimi niliyelifuta jina lake, nikamwambia na sababu, pamoja na ile ya aibu. Kwa muda niliisikia bahari tu, au pengine ilikuwa upepo kwenye simu. Kisha akauliza kama yule mzee wa liwa bado anakwenda pale jioni. Nikasema sijui. Akasema ingefaa nijue.

Posho ya kila msanii ilikuwa riyali 700. Kesho yake nilimtumia zake kwa simu, nikazidisha kidogo. Siku ya pili pesa zote zilirudi, na ujumbe mfupi wa sauti. "Mwanangu, mimi sikupiga. Hii si haki yangu." Kikapita kikohozi, halafu akaongeza, "Ngozi ya msondo ukiiacha imelegea msimu mzima hujikunja. Uutoe hapo ulipouweka."

Uko nyuma ya mlango wa chumba changu. Jana nilinunua mashine ya kukaushia nywele, nikachuchumaa, nikajaribu kama alivyokuwa akifanya, kutoka ukingoni kuja katikati. Nilikaa nao hadi usiku mkubwa. Haujaamka.